Sura ya Nane: Tangi Lililovuta Pumzi

Séraphin alizinduka Alhamisi saa mbili asubuhi, na swali lake la kwanza halikumsaidia polisi yeyote.

"Treni ilishaenda?"

Inspekta Kabemba alikuwa ameketi kando ya kitanda tangu alfajiri, daftari juu ya goti. Alimjibu kwamba treni ya Kasai ilikuwa bado imesimama stesheni ya Kolwezi na ingeondoka siku hiyohiyo, saa kumi alasiri. Kisha akamuuliza maswali manne kwa sauti ileile moja. Nani alifungua tangi? Alikuwa na nani? Alisikia nini? Aliumizwa na nani?

Séraphin alitazama dari. Alikumbuka Jumanne asubuhi. Alikumbuka bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo alivyoandaliwa na mkewe Godelieve, na kipaza sauti cha stesheni kilichokuwa kikiita watu. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

"Kichwa iko mutupu, tata," alisema. "Munisamehe."

Kabemba aliandika: *Hakumbuki.* Hakuonyesha kuudhika. Siku mbili mji mzima ulikuwa umengoja mtu huyu azinduke ataje jina, na sasa amezinduka bila jina. Yalibaki mambo yasiyohitaji kukumbukwa na mtu.

Alimwita nesi Simone, aliyempokea mgonjwa Jumanne, akamuuliza rangi ya midomo na kucha. Simone alisema vilikuwa vya bluu iliyoiva, kama mtu aliyenyonya kalamu ya wino. Je, havikuwa vyekundu? Havikuwa. Kabemba alimweleza kwa nini aliuliza: anayevuta moshi wa makaa kwenye chumba kilichofungwa hupata wekundu wa mashavu na kucha, kwa kuwa moshi ule hushikamana na damu na kuitia rangi. Bluu ilikuwa habari nyingine. Damu ile haikushikwa na kitu. Ilikosa kitu.

"Na shati lake?"

Simone alilitoa chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa karatasi. Hakuwa amelifua. Alisema mgonjwa aliletwa shati likiwa limekusanyika lote kwapani, mpaka likamshinda kulivua, akalikata kwa mkasi. Tumboni mikwaruzo ilianzia kitovuni ikapanda kifuani, na ngozi iliyochubuka ilikuwa imejikunja kuelekea juu.

"Kuelekea kichwani," Kabemba alisema. "Una hakika?"

"Ni mi nilimusafisha, tata."

Akaandika, akampa Simone kalamu, naye akatia sahihi.

Shauri lenyewe lilikuwa jepesi mno, na wepesi huo ndio uliomtia Kabemba mashaka tangu mwanzo. Ilikuwa Machi 1993. Kwa miezi kadhaa watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa makazini na majumbani, hata waliozaliwa papo hapo Kolwezi, na maelfu yao walilala stesheni chini ya maturubai wakingoja mabehewa. Mmoja wao alikuwa Mulumba, aliyekuwa fundi wa matangi ya chuma kiwandani kwa miaka kumi na tisa. Novemba, alipotolewa nyumbani kwake pamoja na mkewe Ntumba na watoto wanne, aliacha matangi mawili madogo uani kwa jirani yake, Séraphin. Katika moja aliweka mkebe wenye vyeti vya shule na vya ndoa. Katika la pili aliweka cherehani ya mkewe. Akayafunga.

Jumanne, saa nane mchana, Séraphin alikutwa hana fahamu kwenye mlango wa tangi la kwanza, paji la uso limepasuka, na Mulumba amemshika miguu. Aliyewakuta alikuwa Ngoie, kiongozi wa vijana wa kata. Jioni hiyo Mulumba alikuwa ndani ya kasho, chumba cha mahabusu nyuma ya kituo cha polisi, na vijana thelathini walikuwa wameketi mbele ya lango. Komanda wa kituo alikuwa na polisi sita. Alimwambia Kabemba bila kuzungusha maneno: kama ana ushahidi wa kumwachia mtu huyo, aulete kabla ya treni kuondoka. Treni ikishaondoka, yeye hawezi kumlinda hata usiku mmoja zaidi.

Maelezo ya Ngoie yalikuwa na mambo matatu. Akiwa upande wa pili wa ua alisikia tangi likipiga mluzi, kama gesi inayotolewa. Aliporuka ua dakika chache baadaye alimwona Mulumba akimsukuma Séraphin ndani. Na bamba la nyuma la tangi lilikuwa limebonyea kwa kishindo cha watu wawili wanaopigana. Kabemba alikuwa ameyasoma mara tano. Hakuona mahali ambapo Ngoie alidanganya.

Saa nne alikuwa kashoni. Mulumba alisimama alipomwona, akafunga kifungo cha juu cha shati, kama mtu anayeitwa na mkubwa wake wa kazi. Kabemba alimtaka aeleze upya jinsi alivyofunga matangi, na safari hii asiruke hatua.

Mulumba alieleza polepole. Yalikuwa makuukuu, yenye kutu. Aliyakwangua ndani kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akayaosha kwa maji, kwa sababu pale kiwandani tangi chafu halifungwi. Cherehani aliipaka grisi na kuizungushia plastiki. Mkebe wa vyeti vilevile. Mvua ilikuwa imeanza, vijana walikuwa barabarani, hakupata muda wa kungoja kuta zikauke. Akaweka mpira mpya mlangoni, akakaza bolti kumi na mbili kila tangi, kwa zamu, hii na inayoielekea, kama inavyotakiwa.

"Mutu mwingine angeweka bati na jiwe juu," alisema, akikiita kiwanda kwa Kifaransa. "Mi nilifunga kama ya usine. Hata harufu haipite."

"Na kufungua?"

"Kufungua, unangoja siku moja. Njo sheria ya usine. Unafungua, unaacha, kesho unaingiza taa mbele. Nilimuambia Séraphin. Niliandika na chaki."

"Kwa nini sheria hiyo?"

Mulumba alifikiri. Alikiri kwamba hajui. Alipoanza kazi aliikuta, na aliyemfundisha naye aliikuta. Jumanne kipaza sauti kilipotangaza kwamba treni inaondoka jioni, alikimbia kwenda kumwambia Séraphin vyeti viachwe tu, vitafuata kwa barua. Alikuta miguu iko nje na mwili wote uko ndani, akaishika miguu akavuta. Treni yenyewe siku hiyo haikuondoka.

"Uliwaambia polisi hivyo?"

"Niliwaambia, labda ni hewa ya mule ilimuangusha. Bakacheka. Banauliza kama hewa inashikaka bunduki."

Kabemba alifunga daftari. Alikuwa amesoma kemia miaka miwili kabla ya kuingia polisi, na sasa aliona wazi kwamba elimu hiyo ingemfaa. Alimwambia Mulumba wanakwenda uani kwa Séraphin, wote wawili, na kwamba atahitaji spana yake.

Saa sita walikuwa uani. Kabemba alimleta Ngoie pia, na si kwa nguvu: alimwambia kwamba shahidi mkuu ana haki ya kuona. Ngoie alikuja na sigara mdomoni na vijana wake kumi. Godelieve, mke wa Séraphin, alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono imefunikwa unga wa muhogo, hajui amtazame nani. Aliambiwa mumewe amezinduka na ameuliza habari za treni. Alijifuta unga mikononi.

Matangi yalikuwa yamelala juu ya matofali, moja uani, la pili chini ya kipaa cha bati, limefunikwa gunia. Kila moja lilikuwa na urefu wa mtu na mlango wa duara upande mmoja, kwenye usawa wa kiuno. Kabemba alipanga vitu vyake juu ya kigoda: mishumaa miwili, ufito mrefu, chupa tatu, na sufuria ya maji ya chokaa ambayo alikuwa ameyaacha yatuame tangu jana hadi juu yakawa safi kama ya kunywa.

"Inspekta, unatupikia nini?" Ngoie aliuliza, na vijana wakacheka.

"Utaonja wa kwanza," Kabemba alisema.

Alianza na tangi la pili, ambalo tangu Novemba halikuguswa. Alimwambia Godelieve aondoe gunia. Chini yake, kwenye kifuniko, maandishi ya chaki yalikuwa bado yanasomeka, kwa Kifaransa na kwa herufi za mtu aliyezoea kuandika kwenye chuma: fungua, ngoja siku moja, taa itangulie mtu. Kwenye tangi la kwanza, lililonyeshewa miezi minne, palibaki michirizi miwili myeupe ya chaki. Kabemba aliwafanya vijana wawili wasome kwa sauti na kutia sahihi. Kisha aliwaonyesha bamba la nyuma la tangi. Lilikuwa limebonyea kuelekea ndani, mbonyeo uleule, mahali palepale.

"Na hapa, walipigana nani?" aliuliza.

Ngoie alisogea. Alilipigapiga kwa kidole, akasikiliza.

Mulumba alilegeza bolti moja, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne, mluzi ulianza, mwembamba na mkali, na vijana wote wakarudi nyuma hatua tatu. Mmoja aliziba pua.

"Ni ile!" Ngoie alisema. "Njo ile nilisikia. Gesi inatoka."

"Inatoka?" Kabemba alisema. "Wewe una sigara. Puliza moshi hapo kwenye ufa."

Ngoie aliwatazama wenzake. Kukataa mbele yao kusingewezekana. Alisogea, akavuta, akapuliza karibu na mpira. Moshi ulijikusanya, ukawa uzi, ukaingia ndani ya tangi. Alipuliza tena, kwa mbali zaidi. Uzi uleule ukaingia.

"Inakunywa," alisema polepole.

"Inakunywa. Na ilivyokunywa Jumanne, wewe ulisikia. Masikio yako hayakukosea. Ulikosea upande."

Mluzi ulipokwisha, kifuniko kiliondolewa. Kabemba aliamuru mtu yeyote asiinamie mlangoni. Aliwasha mshumaa, akaufunga kwenye ncha ya ufito, akauingiza. Kiasi cha mkono mmoja kutoka mlangoni, moto ulipungua, ukawa tone la bluu, ukazimika. Aliutoa, akauwasha, akauingiza tena. Ulizimika palepale. Mara ya tatu alimpa Ngoie ufito afanye mwenyewe, na matokeo hayakubadilika.

Yalibaki maswali mawili, na Kabemba aliyataja kwa sauti ili mtu asije kuyauliza baadaye mbele ya hakimu. La kwanza: je, kulikuwa na kitu kilichotiwa humo, asidi juu ya mawe ya malakiti, yale ya kijani yenye shaba, kwa mfano, kama wafanyavyo wachimbaji wanaopima jiwe? Jiwe lile likimwagiwa asidi huchemka na kutoa hewa ya ukaa, ambayo ni nzito na huzima moto pia. Alijaza chupa maji, akaifunga kwenye ufito, akaiingiza mpaka katikati ya tangi na kuigeuza kwa kamba. Maji yalimwagika, na hewa ya tangi ikachukua nafasi yake. Akaitoa, akaiziba kwa kidole, akatia maji ya chokaa, akatikisa. Yalibaki safi. Katika chupa ya pili alipuliza pumzi yake mwenyewe kwa bua la jani la mpapai, akatia maji yaleyale, akatikisa. Yaligeuka meupe kama maziwa.

"Hewa ya ukaa hugeuza chokaa maziwa," alisema. "Pumzi yangu inayo. Tangi halina ya kuhesabika. Hapana asidi, hapana moto, hapana sumu iliyotiwa."

"Basi muna nini?" Godelieve aliuliza kutoka jikoni. Alikuwa wa kwanza kuuliza vizuri.

Kabemba alimjibu yeye. Alisema hewa tunayovuta, ukiigawa mafungu matano, manne ni nitrojeni. Haina rangi, haina harufu, haiwaki na haidhuru. Tunaivuta na kuitoa kila siku kama ilivyoingia. Fungu la tano ni oksijeni, na hilo ndilo linalowasha mshumaa na kumweka mtu hai. Chuma kilichokwanguliwa na kuachwa kikiwa na maji huila oksijeni hiyo. Kinachobaki huitwa kutu. Aliingiza ufito, akakwangua ukuta, akautoa umejaa unga mwekundu mbichi. Miezi minne kuta hizi zilikula. Fungu la tano lilipoisha, tangi lilibaki na upungufu, na hewa ya nje ikawa inalisukuma kutoka pande zote kutafuta pa kuingia. Ndiyo maana bamba lilibonyea. Ndiyo maana lilipiga mluzi.

"Na yeye hakusikia vibaya? Hakuita?" Godelieve aliuliza.

"Kinachomfanya mtu ahisi anakabwa ni hewa ya ukaa kujaa kifuani. Ndani humu aliitoa kama kawaida. Alivuta mara mbili, tatu, akalala. Aliangukia kona ya mkebe wa vyeti. Jeraha lake na kona hiyo vinalingana, nimevipima."

Swali la pili lilikuwa la miguu ile aliyoshikwa na Mulumba. Kabemba alilitandaza shati lililokatwa juu ya kigoda. Alimwita kijana mmoja mwembamba, akamlaza kifudifudi juu ya ukingo wa tangi tupu la maji lililokuwa kando, na kumwambia Ngoie amshike miguu na kumsukuma mbele. Shati la kijana lilikwama kwenye ukingo na kuteremka kiunoni. Kisha akamwambia amvute nyuma. Lilipanda lote mpaka kwapani, na kijana akalalamika kwamba tumbo linaungua.

 Kabemba alinyoosha kidole kwenye shati la Séraphin, kisha kwenye la kijana.

Ngoie aliyatazama yote mawili. Sigara ilikuwa imemzimikia mdomoni.

"Alikuwa anamuvuta," alisema.

"Andika hivyo. Kwa mkono wako."

Aliandika, kwa shida na kwa makosa, akatia sahihi. Kisha, kwa kuwa vijana wake walikuwa wakimtazama, akamgeukia Mulumba. "Wee, fundi. Siku ingine funga mubaya kidogo."

Mtu mmoja alicheka, halafu wote, na Mulumba naye akacheka, mkono ukiwa umeziba macho.

Ilikuwa saa saba na robo. Cherehani ilikuwa bado ndani ya tangi, kwenye kona ya mwisho, nzito, na hakuna aliyekuwa na siku moja ya kungoja. Kabemba alituma mtu kwa mhunzi wa mtaa wa pili alete mvukuto. Waliingiza bomba lake mpaka mwisho wa tangi, wakapokezana kuusukuma: Mulumba, polisi aliyemlinda, vijana wawili wa Ngoie, na hatimaye Ngoie mwenyewe, ambaye alidai wengine hawajui kupuliza. Kila nusu saa Kabemba aliingiza mshumaa. Saa nane ulifika katikati ukazimika. Saa nane na nusu ulifika mwisho ukapepesuka, ukafa. Saa tisa ulifika mwisho na kusimama. Aliuacha humo akihesabu mpaka mia tatu. Moto ulisimama wima, wa manjano, kama ulivyo mezani.

"Sasa mtu," alisema.

Mulumba aliingia mpaka kiunoni, na Godelieve alimshika miguu, ingawa hakuombwa. Cherehani ilitoka na grisi yake, bila doa la kutu.

Komanda aliisoma taarifa akiwa amesimama, akaitia muhuri, akamtuma polisi mmoja awasindikize. Vijana waliokuwa mbele ya kasho walikuwa wameshatawanyika. Habari za mshumaa zilikuwa zimewafikia kabla ya muhuri. Stesheni, Ntumba alikuwa amesimama kwenye mlango wa behewa, amekataa kukaa ndani na amekataa kushuka. Alipomwona mumewe akija na cherehani begani, alishuka. Akapokea upande mmoja wa mzigo, wakaupandisha pamoja. Kabemba alimkabidhi Ntumba mkebe wa vyeti, uliotunzwa kituoni tangu Jumanne, na kumtaka atie sahihi kwamba ameupokea. Alitia, akamwambia, "Asante, tata," mara mbili.

Saa kumi na mbili Kabemba alikuwa tena hospitali. Séraphin alikuwa amelala ubavu, macho wazi. Godelieve alikuwa ameshamweleza yote, lakini alitaka kuyasikia kwa mwenye daftari.

"Treni ilienda?"

"Ilienda. Saa kumi na dakika ishirini."

"Na Mulumba?"

"Yumo."

"Na mashini ya kushona ya Mama Ntumba?"

"Imo."

Séraphin alivuta pumzi ndefu, akaitoa, akafumba macho. Kabemba alingoja kidogo, akitazama kifua kikipanda na kushuka chini ya shuka. Midomo ilikuwa na rangi yake. Akaandika saa, akafunga daftari, akatoka taratibu ili asimwamshe.